Kamera Aliyoichagua Jaafar

Jaafar alipofungua kitambaa na kuiweka kamera juu ya mkeka, Radhiya aliona papo hapo kwamba siyo ile waliyokubaliana.

Ile waliyokubaliana ilikuwa na macho mawili, moja juu ya jingine, na mpigaji aliishika kifuani akainamisha kichwa kutazama ndani yake kwa juu. Hii ilikuwa bapa kama kitabu. Jaafar alibonyeza kitufe, kifuniko kikafunguka, lenzi ikatoka mbele ikivuta nyuma yake ngozi nyeusi iliyokunjika mikunjo mikunjo kama ya kinanda cha mkono.

"Na ile nyingine?" Radhiya aliuliza.

"Imeuzwa. Muhindi mmoya wa Malindi alitangulia kuweka pesa." Jaafar alisema huku akipangusa lenzi kwa ncha ya kikoi chake. "Lakini Mwalimu Fanuel asema hini ni nzuri vilevile. Filamu yake ni moya."

Bei ilikuwa shilingi mia mbili na sitini, alisema, na arubaini zilizobaki akazihesabu mbele yake juu ya mkeka. Radhiya alizichukua. Mia tatu zile zilikuwa bangili mbili za dhahabu alizopewa na mama yake siku ya harusi, na sonara aliyezinunua alikuwa amezipima mara mbili, kana kwamba yeye ndiye anayeogopa kuibiwa.

Aliiinua kamera akaigeuza. Haikuwa nzito. Nje ilikuwa safi, chuma chake kinang'aa, hata mkanda wa kubebea ulikuwa mzima. Alijiambia kwamba mtu akizoea chungu kimoja haachi kupika kwa kuwa kimebadilika, akamshukuru mume wake kwa kuhangaika juani.

Hakuwa na namna ya kwenda kuichagua mwenyewe. Mwalimu Fanuel, mtu wa bara aliyefundisha sayansi katika mji wa Amu, kisiwani Lamu, kwa miaka mitatu, alikuwa amepewa uhamisho wa Kisumu mwishoni mwa mwaka huo wa sitini na saba, na mkewe Nerea alikuwa ametangulia na watoto tangu Novemba. Mwanamke hawezi kuingia nyumba ya mwalimu ambaye mkewe hayuko. Kwa hiyo mauzo yakabaki ya wanaume wawili.

Nerea ndiye aliyemtia Radhiya katika mambo haya. Walijuana kwa kofia. Nerea alitaka kujifunza kushona kofia za vito, zile zenye nakshi za matundu madogomadogo, Radhiya akamfundisha, na Nerea hakuwa na cha kumlipa ila kile alichokijua, yaani kupiga picha na kuzisafisha. Mwaka mzima, kila Jumamosi, walijifungia katika chumba cha giza nyuma ya jiko la Nerea. Radhiya alijifunza kuzungusha filamu ndani ya dawa kwa kuhesabu kimoyomoyo, kuitundika kwa kibanio cha nguo, na kulaza karatasi juu yake ili picha itoke kwa kipimo kilekile cha filamu. Filamu ile ilikuwa pana, upana wa vidole vitatu, na hiyo ndiyo faida yake: uso wa mtu ulitoka moja kwa moja kwa ukubwa wa picha ya pasipoti, bila mashine ya kukuza, ambayo bei yake haikutamkika.

Na pasipoti ndiyo iliyokuwa biashara. Kila mwaka wanawake wa Amu walioazimia kwenda Hija walitakiwa picha za uso, na mpiga picha wa pekee mjini alikuwa Gharib, mwanamume, mwenye duka lililotazama gati. Wengine walikwenda, wakafunua nyuso zao mbele yake wakiwa wameinamisha macho, wakarudi nyumbani wakiwa na aibu ya siku tatu. Wengine waliahirisha safari mwaka baada ya mwaka. Radhiya alipoitoa fikira yake ya kuwapiga picha wanawake hao mbele ya mama yake na ya Jaafar, mama alisema ni kazi ya heri. Jaafar alikuwepo, naye alisema hivyohivyo.

*

Mteja wake wa kwanza alikuwa Bi Barka.

Bi Barka alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, wa nyumba kongwe, aliyekusanya nauli ya Hija kwa miaka minane kutokana na kodi ya vyumba viwili vya chini. Angesafiri na kaka yake, Mohdhar. Fomu yake ya pasipoti ilikuwa tayari. Ilijazwa na Jaafar mwenyewe, ambaye alikuwa karani wa serikali na aliyejulikana kwa mwandiko wake mzuri. Kilichopungua ni picha, nazo zilitakiwa zifike Mombasa kabla ya mwisho wa Januari.

Siku ya nne baada ya Idi, Radhiya alimkalisha juu ya kiti katika ua wa nyumba, ukuta mweupe nyuma yake. Bi Barka alivua mtandio, akakaa wima, akauliza kama atabasamu.

"Serikali haitaki tabasamu, Bi Barka."

"Vyema. Nami sina la kuitabasamia."

Siku hiyohiyo alipiga picha za wanawake wengine wawili, mtu na dada yake, ambao nao walikuwa wakisafiri. Filamu ilichukua picha nane na zote zikaisha. Jioni Radhiya aliingia katika ghala ya chini ya ngazi, ambayo alikuwa ameigeuza chumba cha giza, akaisafisha kwa dawa alizoachiwa na Nerea. Alipoitoa na kuiinua mbele ya taa hakuelewa anachokiona. Juu ya kila picha palikuwa na michirizi na madoa meusi, kana kwamba mtu amemwagia wino. Uso wa Bi Barka ulikuwa umekatwa na mchirizi mmoja kuanzia paji hadi kidevuni.

Alidhani ni chumba. Mlango wa ghala ulikuwa na nyufa, na juu yake palikuwa na tundu la hewa. Alimwambia Jaafar kwamba huenda mwanga unaingia.

Jaafar alitazama mlango, akatazama tundu, akasema huenda. Siku ya pili alirudi kutoka kazini na misumari mfukoni. Alichukua blanketi la kitanda chao wenyewe, akapanda juu ya sanduku, akaligongomea juu ya tundu lile, kisha akaziba nyufa za mlango kwa vitambaa. Alifanya kazi hiyo kwa muda wa saa nzima, jasho likimtoka, na Radhiya alisimama chini akimpa msumari mmoja mmoja. Alimwona ni mume mwema. Usiku ule alimwombea.

*

Filamu ya pili ilitoka vilevile. Ya tatu aliingojea siku tisa, kwa kuwa mwaka huo barabara ya Malindi, kwa hofu ya mashifta waliovamia magari, haikupitika bila askari na vitu vingi vililetwa kwa chombo cha baharini. Alibadilisha dawa. Alibadilisha maji, akatumia ya mvua badala ya ya kisima. Bi Barka aliitwa tena, akaja tena, akakaa tena juu ya kiti, na safari hii hakuuliza kuhusu tabasamu. Michirizi ikawa ileile.

Wale dada wawili walichoka wakaenda kwa Gharib. Walipopita mbele ya nyumba ya Radhiya wakirudi, mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba angalijua mapema angalijifunua mara moja tu, asingalipotezewa siku bure.

Bi Barka hakukubali kwenda. Kaka yake alimsihi, akamkumbusha kwamba katika dharura mambo hulegezwa. Alijibu kwamba dharura hii si ya Mungu, ni ya kamera, na yeye ameahidiwa picha na mwanamke mwenzake. Januari ikaisha. Siku moja kabla ya kuondoka kwenda Mombasa kupanda meli ya mahujaji, Mohdhar alikuja nyumbani kwa Jaafar, akakataa kuingia ndani, akakaa dakani, penye baraza la mlangoni. Radhiya, akiwa nyuma ya mlango, alimsikia.

Mohdhar hakupayuka. Alisema amekuja kuaga na kutaka radhi za watu, kama afanyavyo kila msafiri, lakini lipo jambo moja linamkaa moyoni. Dada yake ameilia safari hii miaka minane. Alitaka kujua tu, imekuwaje.

Kisha Jaafar akasema, "Nilimwambia, Bwana Mohdhar. Mashine hizi si kazi ya wanawake. Lakini ndiyo hivyo, wakitaka jambo hawasikii."

Radhiya aliganda pale alipokuwa. Jaafar hakuwa amemwambia kitu cha namna hiyo hata siku moja. Alijisemea kwamba mume wake ametahayari mbele ya mtu mzima, na mtu akitahayari husema lolote. Alimtafutia udhuru huo mwenyewe, bila kuombwa, akaukunja akauweka.

Wiki ile hakutoka nyumbani. Maombi mawili ya kushona kofia yalirudishwa bila maelezo. Binti yake mkubwa aliulizwa chuoni, alikosoma Kurani, kama mama yake ndiye yule anayepiga picha za mashetani.

*

Alimwandikia Nerea barua. Aliandika polepole kwa herufi za Kizungu, ambazo pia alifundishwa na Nerea, akaeleza yote: chumba, dawa, maji, michirizi. Aliuliza amekosea wapi. Mwisho akaomba msamaha kwa kuharibu kazi aliyofundishwa kwa moyo mmoja.

Jibu lilifika baada ya wiki mbili. Lilikuja kwa jina la Jaafar, kama barua zote za nyumba, lakini tarishi siku hiyo alipita mlangoni badala ya ofisini, na Radhiya akaitambua hati ya Nerea.

"Dada yangu mpenzi," Nerea aliandika, "sikukusudia kukuandikia, maana nilikuwa na uchungu nawe. Nilifikiri umebadili nia bila kuniambia. Kamera yako ya macho mawili Fanuel amekuja nayo Kisumu, ipo hapa kabatini. Fanuel alikuwa ameitenga kwa ajili yako kwa mia mbili na themanini. Bwana Jaafar alipokuja alisema hiyo hamuitaki, akataka ile ya kukunjwa. Fanuel akamwambia haifai. Aliifungua nyuma, akaiinua mbele ya dirisha, akamwonyesha vitundu kwenye mikunjo ya ile ngozi, mwanga unapita kama kwenye chujio. Akamwambia hata ukimpa fundi mkubwa duniani hatapata picha. Bwana Jaafar alisema anaitaka kwa ajili ya watoto kuchezea. Alilipa shilingi thelathini. Dada, hukukosea popote."

Radhiya aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaenda akaichukua kamera, akaifungua nyuma, akaiinua mbele ya dirisha la uani.

Vilikuwa vingi. Vidogo, kama ncha za sindano, vimefuatana kwenye kila kona ya mkunjo. Kamera aliyojifunzia haikuwa na ngozi ya namna ile, na hakuna siku aliyofundishwa kuichungulia.

*

Jaafar alirudi saa nane kula. Radhiya alimpakulia, akamngoja amalize, akamnawisha mikono, kisha akampa barua.

Aliisoma mpaka mwisho. Aliikunja kwa kufuata mikunjo yake, akainuka, akaenda chumbani. Alirudi na leso ya mkononi iliyofungwa fundo, akaiweka mbele yake.

"Pesa zako. Mia mbili na thalathini. Sikula hata senti moya."

"Ungalizila ningalifahamu," Radhiya alisema.

Jaafar alikaa. Hakukana chochote, na jambo hilo lilimshangaza Radhiya kuliko kama angalikana. Alianza kueleza kwa sauti ya mtu anayesoma fomu. Alisema watu barazani walikuwa wameanza kumtania tangu habari ilipovuma. Walimwuliza kama ameacha ukarani sasa atabeba mkoba wa mkewe. Walisema Radhiya ataingia kila nyumba ya mji huu, ataona kila uso na atajua kila siri, na yeye atakaa nyumbani kulea. Walicheka. Hakuweza kurudi nyumbani akamwambia aache, kwa sababu alikwisha kukubali mbele ya mama mkwe, na bangili ni mali yake Radhiya.

"Nikaona ikishindikana yenyewe, yatakwisha bila ugomvi. Hutanilaumu mimi, wala mimi sitakulaumu wewe."

"Lakini ulinilaumu. Mbele ya Bwana Mohdhar."

Jaafar alilifungua fundo la leso, akalifunga tena.

"Fomu ya Bi Barka uliiandika kwa mkono wako. Ulijua tarehe."

"Nilidhani atakwenda kwa Gharib."

"Na lile blanketi?" Sauti ya Radhiya ilikuwa ya chini kabisa. "Ulipanda juu ya sanduku. Nikakupa misumari."

Jaafar alitazama mikono yake. Alisema jambo moja tu: kwamba anaomba habari hii isitoke nje ya nyumba hii.

*

Radhiya aliitoa. Alikwenda nayo kwa mtu mmoja tu, yule aliyestahili kuijua. Bi Barka alimsikiliza akiwa amelala ubavu juu ya kitanda, ushanga wa tasbihi mkononi, wala hakumkatiza. Alipomaliza aliuliza kama Jaafar alijua picha ni za Hija. Radhiya akasema alijua.

Bi Barka alizungusha tasbihi kidogo. Akasema amezeeka na hana hakika ya mwaka ujao. Akasema hatalipeleka jambo hili kwa kadhi wala kwa Mohdhar atakaporudi, kwa kuwa mtu aliyetoka Hija si wa kupokewa na ugomvi. Alitaka kitu kimoja.

"Nataka kulisikia kwa mdomo wake. Kesho baada ya laasiri. Akae pale mlangoni, mimi nitakaa ndani nyuma ya pazia, aniambie alilolitenda. Halafu nitayua kama naweza kumsamehe. Siwezi kumsamehe mtu ambaye hajaniomba."

Asubuhi Radhiya alimweleza Jaafar. Alisema atakwenda. Alisema ni haki yake Bi Barka, na kwamba amelala akilifikiri jambo hilo na yeye mwenyewe anataka kulitua. Alisema hivyo kwa namna ya unyonge ambayo Radhiya hakuwa ameiona kwake kwa miaka kumi na moja ya ndoa, hata akamtolea kanzu iliyopigwa pasi. Alipoondoka kwenda kazini, Radhiya alikwenda posta. Kwa zile mia mbili na thelathini, pamoja na arubaini zake na kumi aliyoazima kwa mama, alimtumia Nerea hawala, na barua fupi kumwomba aitume kamera ikiwa bado ipo.

Adhuhuri ilipopita hakuweza kukaa. Aliwaacha mabinti kwa mama yake akaenda kwa Bi Barka, akamkuta peke yake, amefagia daka na kutandika jamvi jipya mlangoni kwa ajili ya mgeni. Radhiya aliwasha moto akapika kahawa. Laasiri ikaadhiniwa, watu wakatoka msikitini, nyayo zao zikapita katika uchochoro na kuendelea. Wanawake wawili walikaa nyuma ya pazia. Kila nyayo zilipokaribia Bi Barka aliuweka sawa mtandio wake, ingawa mgeni asingemwona. Mara mbili Radhiya aliipasha moto kahawa. Mara ya tatu Bi Barka alimwambia wainywe wao, isije ikawa chungu.

Jua lilipoingia wekundu, Bi Barka alisema, "Nenda kwako, mwanangu. Pengine amekwama na wageni wa serikali."

Hakuna kati yao aliyeamini, lakini Radhiya alishukuru kwamba amesema.

*

Jaafar aliingia baada ya magharibi, amevaa ile kanzu. Alikaa, akavua kofia, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Radhiya hakutaka kumwuliza. Alitamani aanze mwenyewe, aseme kwamba ameshindwa, kwamba miguu yake imekataa kumpeleka. Angalilipokea hilo. Njia nzima alikuwa akijiandaa kulipokea.

"Nimekwenda," Jaafar alisema.

Radhiya alikaa mbele yake.

Alieleza vizuri. Bi Barka alimkaribisha, naye akasema yote bila kuficha, tangu mwanzo. Bi Barka alinyamaza sana, kisha akalia kidogo, kisha akasema haya yote yameandikwa na hakuna aendaye kule bila kuitwa. Akamsamehe. Akamwombea. "Asema yameisha. Asema hata wewe uyamalize, tusiyarudie tena ndani ya nyumba hini."

"Alikupa kahawa?"

"Alinipa. Kahawa na halua."

"Kahawa niliipika mimi," Radhiya alisema. "Tangu adhuhuri nilikuwa pale. Tumeinywa mimi na yeye. Halua haikuwako."

Jaafar alifungua mdomo. Palikuwa na maneno mengi ambayo angeweza kuyasema, na Radhiya, kwa mazoea, aliyangoja. Hayakuja. Radhiya akainuka, akaingia chumbani, akatoa nguo zake na za mabinti, akazifunga ndani ya leso mbili. Hakuharakisha. Alijitanda buibui mbele yake kama siku yoyote anapokwenda kwa mama yake, na kweli huko ndiko alikokuwa akienda.

Jaafar alimfuata hadi mlangoni. Hakumshika wala hakumwambia abaki. Alichouliza, kwa sauti ya chini ili jirani asisikie, ni kwamba watu wakiuliza atawaambia nini.

"Watakuuliza wewe," Radhiya alisema. "Wewe hukosi jibu."